Ndoo Iliyopaswa Kuvuka Feri

Sitawaeleza saratani ni nini. Kuna mtu katika ukoo wetu anayelipwa kwa kazi hiyo, mdogo wangu Mwanasha, na hata yeye akianza kueleza huwa namwomba anyamaze. Mimi nitaeleza nilivyofanya na ndoo. Nimekaa karibu miaka mitatu bila kuyasema haya nje ya nyumba yetu. Sasa naweza kuketi tena nusu siku bila mgongo kuniliza, basi nayaandika, kwa ajili ya mwanamke ambaye huenda wiki hii hii amelala wodini na bendeji kifuani, na mumewe ameshika ndoo kama ile, hajui aifanye nini.

Jina langu ni Mejumaa. Tunakaa Msambweni, lakini kwetu tulikozaliwa ni Munje. Kwa miaka kumi na tisa nimepiga pasi katika hoteli moja ya Diani: mashuka, vitambaa vya meza, sare za wahudumu. Mume wangu Bakari huezeka makuti katika hoteli hizo hizo, ila yeye kazi yake iko juu ya paa kwenye upepo na yangu iko chini kwenye mvuke. Tuna mtoto mmoja, Siti. Aliyesoma katika familia ni Mwanasha. Alikwenda Nairobi, akaenda ng'ambo, akarudi Nairobi, na sasa ni daktari asiyetibu mtu. Ndivyo Mama anavyomtambulisha kwa wageni: "Huyu ni daktari, lakini ukiumwa usimwendee."

Kazi yake ni kuchunguza jinsi seli za uvimbe zinavyopashana habari. Alitueleza Idi moja alipokuja nyumbani, kabla sijaugua. Alisema seli haijikulii tu, inaambiwa. Habari hutoka nje, hupokelewa mlangoni, halafu ndani hupitishwa mkono kwa mkono hadi ifike panapotolewa amri ya kukua. Kwenye uvimbe amri hiyo haikomi, naye anatafuta ni nani katika mstari ule asiyenyamaza. Mama alimsikiliza hadi mwisho, sinia la pilau mapajani.

"Yaani ni umbeya," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni umbeya. Na watu wanakufa kwa umbeya huo."

Sote tulicheka. Kisha mimi, kwa udadisi wangu tu, nikamwuliza uvimbe wenyewe anautoa wapi. Akafungua simu akanionyesha picha, vidoa vya rangi ya waridi na vya kahawia, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Alisema ni kipande cha titi la mtu, kimekatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu kisha kikatiwa rangi. Alikuwa na fahari kubwa usoni.

"Huyu ni mia mbili na kumi na nne," akasema. "Mzuri sana huyu. Ametufunza mengi."

"Mia mbili na kumi na nne ndilo jina lake?"

"Hatuandiki majina, dada."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Lakini wewe bado unaye."

"Nina kipande chake. Kiko kwenye friji."

Siku ile nilimtazama mdogo wangu kwa jicho jingine. Sisi tumekulia nyumba moja, nyumba ambayo babu yetu alikatwa mguu kwa kidonda cha sukari, na mguu ukaletwa Munje ukiwa umefungwa, ukakafiniwa kwa bafta nyeupe, ukazikwa pembeni mwa makaburi yetu. Babu mwenyewe aliletewa kiti, akakaa akishuhudia. "Wewe tangulia, mimi nakuja," aliuambia mguu wake, na watu wakacheka mazikoni. Hivyo ndivyo nilivyojua mwili wa mtu unavyotendewa. Mwanasha alikuwapo pia, mdogo mno, kabebwa mgongoni. Labda ndiyo maana hakukumbuka.

Uvimbe wangu niliugundua kazini, nilipokuwa nikijifuta jasho kwa mkono. Ulikuwa mgumu kama kokwa ya tende, chini ya kwapa, upande wa kulia. Niliunyamazia kuanzia msimu wa maembe hadi masika yakaisha, na sina udhuru wowote wa kuwapa. Nilipokwenda hospitali nilidungwa sindano nyembamba, na ile sindano ikasema ni saratani, haikusema zaidi. Nilipangiwa kukatwa wakati wa vuli.

Mwanasha alinipigia simu kutoka Nairobi siku mbili kabla.

"Dada, nisikilize. Kitakachotolewa kitatiwa kwenye dawa. Kifike maabara ya Mombasa siku hiyo hiyo, au kesho yake. Watapima kama kinapokea homoni. Kikiwa kinapokea, vipo vidonge vya kukizibia mlango. Bila kipimo hakuna atakayejua."

"Nimesikia."

"Hebu rudia nilivyosema."

"Mwanasha, mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa viatu."

Sikurudia. Namjua mdogo wangu, akiwa na hofu huanza kuamrisha, na mimi nikiamrishwa huziba masikio. Nilikuwa nimekaa kitandani na kanga yangu, na badala ya maneno yake nilikuwa nasikia ile friji yake ikinguruma.

Nilizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi mchana. Kitu cha kwanza kilichonijia ni wepesi wa upande mmoja, kisha maumivu. Bakari alikuwa amekaa kwenye benchi. Mapajani mwake palikuwa na ndoo ndogo nyeupe ya plastiki, mfuniko wa buluu, umezungushiwa utepe wa gundi. Kwetu kule hapakuwa na mashine ya kipimo hicho, kwa hiyo jamaa wa mgonjwa hukabidhiwa mzigo na fomu auvushe mwenyewe kwa feri hadi Mombasa. Nilimwambia aigeuze niione. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene. Chini ya jina palikuwa na namba.

"Nesi kasema nivuke nayo leo," Bakari akasema. "Maabara wanafunga saa kumi."

"Usivuke nayo."

"Vipi?"

"Ipeleke Munje kwa Mama. Mwambie kama mguu wa Babu. Atajua."

Aliitazama ndoo, akanitazama mimi. "Mama Siti, Mwanasha alisema..."

"Mwanasha hakukatwa."

Kisha akauliza, "Na karatasi?"

"Karatasi iweke mfukoni."

Msije mkamlaumu Bakari. Ni mtu mpole, na siku ile angenipa chochote nilichotaka. Tena alikuja kuniambia kwamba tangu alipokabidhiwa ile ndoo alishindwa kuwaamkia watu njiani, kwa kuona haya, kana kwamba amenibeba mimi uchi. Alikwenda Munje. Mama aliimwaga ile dawa nyuma ya choo, na majani hayakuota pale kwa miezi. Wakakisuuza kipande kile kwa maji safi, wakakikafini kwa bafta, wakakizika kando ya mguu wa Babu. Jioni Mama alinipigia simu akasema, "Tumekilaza, mwanangu. Tulia."

Nikatulia. Hilo ndilo linalonitafuna zaidi, kwamba nilitulia, tena nilifurahi. Niliona kwamba hata kama kila kitu kitaniharibikia, sehemu moja ya mwili wangu imeshafika salama.

Kidonda kilipokauka nilianza kuvuka kwenda kliniki ya saratani ya Mombasa. Mtu ambaye hajakaa kwenye mabenchi yale hajui kusubiri. Unafika saa mbili asubuhi unaitwa saa nane mchana. Juu ukutani kuna televisheni isiyo na sauti. Wanawake wamejifunga vilemba, wanaume wameshika bahasha za picha, na hakuna anayemwuliza mwenzake anaumwa wapi, wanaulizana "uko dripu ya ngapi?"

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Aliisoma barua yangu kisha akanyoosha mkono. "Majibu ya maabara?"

"Walisema kimepotea."

Sikuwa nimeupanga ule uongo. Ulitoka wenyewe, laini, kama salamu. Daktari alishusha kalamu, akafyonya, akasema jambo hilo limemtokea mara nyingi mno. Alisema ataniandikia dripu, maana hizo hazingojei. Lakini vidonge vya miaka mingi, vile vya homoni, hupewa yule ambaye kipimo kimesema vitamfaa, naye hawezi kubahatisha na mwili wa mtu. Akaniomba niwaulize maabara tena. Nikasema nitawauliza.

Dripu ya kwanza nilikaa karibu na Mama Brayo, mwenye saluni Ukunda, mtu wa bara aliyekuja pwani kwa biashara akabaki. Alinitazama nilivyoikodolea macho ile chupa nyekundu.

"Hiyo ni ile kali," akasema. "Nywele zako zitatoka kama wiki mbili hivi. Usingoje zianguke kwa mto, zitakuvunja roho. Kuja kwangu Jumamosi nikunyoe, sitakuchaji."

Nilikwenda Jumamosi. Alifunga mlango wa saluni, akawatoa wasichana wake wote, akaninyoa taratibu na mashine huku akinisimulia ugomvi wake na mwenye nyumba. Alipomaliza alinipaka mafuta ya nazi kichwani akanifunga kilemba kwa mkono wake. Katika mambo machache niliyotendewa kwa uzuri wakati ule, hilo nitaondoka nalo. Tena ndiye aliyeniambia, bila kujua anachoniambia, kwamba yeye akimaliza dripu atakuwa na vidonge. "Yangu ni ya kusikia homoni. Daktari alisema nina bahati. Yako je?"

"Bado hawajajua," nikasema.

Dripu ya pili ilinikuta kwenye kaskazi, joto ambalo hata kanga mwilini ni mzigo. Kucha zilikuwa nyeusi kuanzia shinani. Mdomoni kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari, hata maji. Damu ya mwezi ilikatika, haikurudi. Siti akawa anapika yeye, na akipika wali huniletea kwanza nionje, nami huonja nikasema mtamu, nikiwa nimeonja msumari. Bakari alikuwa amejifunza kubadilisha bendeji tangu kidonda kikiwa kibichi. Hakuwahi kukwepesha macho, lakini alikuwa amekuwa bubu. Tulikuwa tukikaa watatu tukila, tunasikilizana tunavyotafuna. Nilidhani ni huruma inayomfanya awe hivyo, kumbe ni ile karatasi, iliyokuwa bado kwenye mfuko wa koti lake.

Baada ya dripu ya tatu Mwanasha aliniuliza kwa simu, kwa mara ya kumi, majibu yamesemaje. Nikamjibu kama nilivyomjibu daktari.

"Kilipotea," akasema. "Sawa, dada. Pumzika."

Ijumaa akawa Mombasa. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja maabara. Alimsimamisha binti wa mapokezi mbele ya watu, akamtaka afungue daftari la mwezi ule, ukurasa mmoja mmoja, mara tatu. Jina langu halimo. Binti aliapa hajaipokea ndoo yangu. Mwanasha akamwambia uongo wake utaua mtu. Kisha akaandika barua kwa mkubwa wao, akiitia cheo chake na mahali anapofanya kazi, na mkubwa akamwambia yule binti akae kwao hadi jambo litatuliwe.

Haya alitusimulia mwenyewe Jumapili, Munje, nyumbani kwa Mama, tukiwa kwenye mkeka tunakula samaki wa kupaka. Alikuwa amepoa, anasimulia kama mtu aliyeshinda kesi.

Bakari aliacha kula. Akanawa mkono pole pole.

"Shemeji," akasema, "huyo binti wa watu hana kosa. Ndoo haikufika."

Mwanasha alimtazama. "Haikufika vipi?"

"Niliileta hapa. Tuliizika."

Mimi niliangalia chini. Mama alisema, "Mimi ndiye niliyeizika. Kama kuna neno, niambie mimi."

Nilitazamia apige kelele. Ningeshukuru kama angepiga kelele. Badala yake mdogo wangu alianza kuuliza maswali, kwa sauti ambayo naamini ndiyo anayoitumia kazini.

"Mlizika pamoja na ndoo?"

"Hapana," Bakari akasema. "Tulikitoa."

"Dawa iliyokuwa ndani?"

"Tuliimwaga."

"Mkakiosha?"

"Kwa maji safi," Mama akasema. "Mara tatu."

"Mmekifunga nini?"

"Bafta."

"Hapo mahali pana unyevu? Maji ya mvua hukaa?"

Sote tulizijua vuli za mwaka ule. Niliona midomo yake inacheza, anahesabu wiki, anatafuta mahali pa kupenya, na nikaona alipokosa. Aliinuka akaenda kunawa. Aliporudi alichukua mkoba wake, akasema lazima avuke leo leo ili asubuhi awe maabara, akamwombe radhi yule binti na kuifuta barua yake. Aliniinamia akanigusa bega kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto, akaenda zake. Hakunipigia simu hadi dripu ya sita ikaisha.

Mama alinifariji kwa njia yake. "Ni kadari, mwanangu. Kilichoandikwa kimeandikwa." Bakari naye akasema ni kadari. Majirani, ambao hawakujua lolote, nao wakasema ni kadari. Nilikubali kwa mdomo. Lakini moyoni nilijua kwamba kadari haikumwambia Bakari asivuke, niliyemwambia ni mimi, na mara nyingine nilitamani japo mtu mmoja anikasirikie.

Nilimaliza dripu karibu na Ramadhani. Sikufunga, nikalipa fidia. Nywele ziliota, laini kama za kifaranga. Nikarudi kwenye pasi. Mkono wa kulia ukawa unavimba kila ifikapo saa sita, kwa sababu walitoa na matezi ya kwapani, nami nikajifunza kupiga pasi kwa kushoto, mashuka madogo tu. Mwaka ukapita hivyo, na zaidi ya mwaka. Mwanasha alianza tena kupiga simu, tunaongea habari za Siti na shule, tunauzunguka ule mkeka wa Munje kama watu wanaozunguka shimo.

Msimu wa korosho uliofuata mgongo ukaanza. Nilisema ni kusimama kazini. Nikabadilisha viatu. Nikakandwa na mkunga mmoja mwenye mkono mzuri. Kufika masika nilikuwa siwezi kuinama kuokota kitambaa, na juu ya mfupa wa bega palikuwa pameota tezi. Yule daktari mwenye sauti ya taratibu alitazama picha kwa muda mrefu. Alisema imefika kwenye mifupa, na ikifika huko hatusemi tena kupona, tunasema kuishi nayo. Alitaka kukata kipande cha ile tezi, na safari hii, alisema, kisipotee.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Kabla ya siku ya kukatwa nilimwendea Maalim wa msikiti wetu. Ni mzee wa makamo, amemsomesha Siti, namheshimu. Nilikaa barazani kwake na mkewe, nikasema yote, mguu wa Babu, ndoo, bafta, binti wa maabara. Neno "titi" lilinikwama, mkewe akalisema kwa niaba yangu.

Maalim alisikiliza, akaguna.

"Nani aliyekwambia lazima kizikwe siku ile ile?" akauliza.

Nilisema hakuna. Nilijua tu.

"Kiungo kinazikwa, ndiyo, kwa heshima ya mwenyewe. Lakini tiba ni dharura, na uhai unatangulia. Kinapimwa kwanza. Kisha unawaomba wakurudishie kilichobaki, unakizika. Nimeshawazikia watu wawili hapa hapa Msambweni, vilivyotoka maabara." Akanitazama kwa uchungu wa kweli. "Kwa nini hukuniuliza, mwanangu? Ni nyumba ya nne kutoka kwako."

Niliona haya. Hilo ndilo jibu lote. Sikumwuliza Maalim kwa sababu ningelazimika kumtajia titi langu, na sikumwambia Mwanasha ninachokiogopa kwa sababu yeye ni mdogo na mimi ni mkubwa. Ningeweza kuyapata yote mawili, kipimo na kaburi. Nilirudi nyumbani nikalala kifudifudi mchana kutwa, na mtu yeyote anayesoma haya akitafuta mahali ambapo roho yangu ilivunjika hasa, si kliniki, ni barazani kwa Maalim.

Basi wewe uliyelala hapo na bendeji, uliza. Kama unaona haya kwa mmoja, mwulize mwingine. Ukipewa ndoo, ivushe, na uandike kwenye fomu kwamba unataka kurudishiwa.

Kipande hiki cha pili kilitiwa kwenye kichupa, nami nilikivusha mwenyewe, nimekifunga kwa kanga ndani ya kikapu, Bakari akinishika kiwiko. Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na binti aliyevaa ushungi wa kijivu. Alisoma jina langu, akarudia kulisoma.

"Ndiye wewe?" akauliza.

"Ndiye mimi. Nisamehe."

Aligonga muhuri, akaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, akaligeuza ili nijionee. "Umeingia, mama," akasema. "Pole na safari."

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Uvimbe wangu unapokea homoni, unapokea sana. Daktari akaniandikia vidonge, kimoja kwa siku. Ndani ya miezi miwili maumivu yalipungua, nikaweza kuketi, nikaweza kuandika. Havitaniponya tena, vinachelewesha tu. Alipoulizwa vitachelewesha kwa muda gani, daktari alisema wengine hupata mwaka, wengine zaidi, na akaanza kupanga karatasi zake. Siti yuko kidato cha tatu. Mama Brayo yuko saluni kwake, anameza vidonge kama vyangu tangu mwaka ule, ananenepa, na nikimwona nampenda na nashindwa kumtazama.

Mwanasha alikuja nilipomtumia picha ya majibu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, amenikandamiza mguu kidogo, na karatasi iko mkononi mwake. Mama alikuwa chumba cha pili akichambua mchele.

"Mwanasha," nikasema, "nataka kukuuliza jambo. Usinijibu kama ndugu. Nijibu kama uko kazini."

"Uliza."

"Kama ningeivusha ile ndoo, ingekuwaje?"

"Ni kadari," Mama akasema kutoka kule.

"Mama, niache nimjibu," Mwanasha akasema. Aliikunja karatasi mara mbili. "Ungeanza vidonge hivi hivi mara tu ulipomaliza dripu. Wanaoanza wakati ule, wengi wao saratani hairudi."

"Wengi?"

"Si wote. Lakini wengi, dada."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu siku ile ya mkeka. Liliponifikia nililia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, naye hakuniambia ninyamaze. Alingoja.

"Mimi ndiye niliyekuonyesha ile picha," akasema. "Ile Idi. Nilitaka uone nimesoma. Nimekaa nikifikiri, kama ningenyamaza siku ile, ungeivusha."

Alinitazama akisubiri. Najua alichokuwa akikisubiri, na ningeweza kumpa. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni mimi kabla ya mtu yeyote kujua atakuwa nani. Lakini alikuwa amenijibu kweli, mtu pekee katika nyumba ile aliyenijibu kweli, na sikuweza kumlipa kwa uongo.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ningeivusha."